Kipimo cha mate nyota mbili, mama mwenye penseli nyota nne na nusu

Nianze na bei, maana najua wengi wenu mtaitafuta hiyo kwanza. Kipimo cha mate cha kusoma jeni, cha kuagiza mtandaoni: dola 79, bei ya punguzo la Novemba. Mshauri wa vinasaba hospitalini, yaani wa magonjwa ya kurithi: dola 40 kutoka mfukoni kila tukienda, zilizobaki ikalipa bima ya kazini kwa mume wangu. Kipimo cha damu alichotuandikia: hatukutoa hata senti. Kikopo cha kupimia gesi ya radoni: dola 17. Ndivyo ninavyovipa nyota leo baada ya karibu miaka miwili ya kuhangaika navyo, na kampuni ya mate sitaitaja jina kwa sababu sina wakili.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, ila huu ni mwaka wa kumi na mbili niko mashariki mwa Tennessee, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mume wangu, Baba Salma, ni mzaliwa wa huku huku milimani, na ukoo wake haujahama tangu enzi za farasi. Mama yake alifariki 2014 kwa saratani ya mapafu, miaka 53. Sigara hakuwahi kuishika. Aliyevuta ni baba mkwe, pakiti nzima kwa siku, ndani ya nyumba na ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Msibani watu walinong'ona. Nilikuwa bado bibi harusi, Kiingereza changu cha kuokotaokota, lakini nilielewa vizuri kabisa kwamba wanasema mzee kamuua mkewe kwa moshi. Baba mkwe aliacha sigara wiki ileile, na habari hiyo hakuigusa tena.

Kwa hiyo Novemba 2023 nilipoona tangazo la kipimo cha mate chenye "kifurushi cha afya", nikamnunulia Baba Salma zawadi. Nilijiona mke mwerevu.

Sanduku lilikuja zuri, hilo siwanyimi. Karatasi nene, rangi za peremende, kichupa chenye mfuniko wa dawa na maelekezo ya michoro. Usile wala usinywe nusu saa, kisha uteme mpaka mate yafike mstari. Mate, si povu, povu halihesabiwi. Jaribuni kutema mate ya kijiko kizima huku mtoto wa miaka saba amewakodolea macho na kuwacheka. Alichukua dakika ishirini. Nikamwambia afikirie embe bichi lenye pilipili na chumvi, lakini mtu wa Tennessee hajui embe la pilipili, ikaishia mimi ndiye nimejaa mate mdomo mzima.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita. Asili yake Uskoti na Ayalandi, ambalo hata mzee wa kanisa angemwambia bure. Huenda kotmiri inamnukia sabuni. Kweli, inamnukia, ndiyo maana kachumbari yangu huiacha. Ukurasa wa afya ulikuwa mistari ya kijani tupu: hakuna kilichoonekana, hakuna kilichoonekana, hakuna kilichoonekana. Akauchapisha akaubandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku ya nanasi. Ulikaa pale miezi miwili, na katika miezi hiyo miwili nilimwona mume wangu akilala usingizi wa mtu asiye na deni.

Machi 2024 wifi yangu, dada yake mkubwa, miaka 44, aligundulika. Alikuwa anakohoa tangu Krismasi, akapewa dawa za nimonia mara mbili. Mara ya tatu wakampiga picha, kisha wakamkata kipande kidogo cha nyama ya pafu kwenda kupimwa. Saratani ya mapafu, na yeye pia sigara haijui.

Hapa daktari wake wa saratani anastahili sifa. Kipande hicho kilipopimwa jeni, kwenye jeni iitwayo EGFR ilionekana kasoro inayoitwa T790M. Kasoro hiyo kwa kawaida huonekana baadaye, mgonjwa akishatumia vidonge kama gefitinib au erlotinib, saratani inapopata njia ya kuvikwepa. Wifi alikuwa hajameza hata kimoja. Daktari akajiuliza, kitu cha mwisho wa safari kimefikaje mwanzoni? Akaagiza damu. Jibu likarudi kwamba wifi kazaliwa nayo. Imo kwenye kila seli ya mwili wake, si kwenye uvimbe peke yake.

Nilivyomweleza mama yangu kwenye simu ni hivi. EGFR ni kama sikio la seli, ndilo linalosikia amri ya kukua. Limeundwa kwa mnyororo wa viungo 1,210. Kwa hawa wakwe zangu kiungo cha 790 si kile kinachotakiwa, kwa sababu ya herufi moja tu kwenye maandishi ya jeni. Peke yake haitoshi kuleta saratani. Seli ya pafu inapokuja kupata kasoro ya pili ukubwani, ndipo moto unapowaka. Mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, wameambukizana?" Hapana mama, wamerithishana, kama sisi tulivyorithi mwanya wa meno.

Kasoro hii ni adimu. Familia ya kwanza iliyoonekana kurithishana T790M na saratani ya mapafu iliandikwa na wanasayansi mwaka 2005. Baadaye taasisi ya Dana-Farber ya Boston iliongoza utafiti ulioitwa INHERIT, watu 141, matokeo yakachapishwa 2023, na wakaona wengi wa wenye nayo wana mizizi kusini-mashariki mwa Marekani, inaelekea wametokana na babu au bibi mmoja wa karne kadhaa zilizopita. Yaani milima hii hii ninayoiona nikianika nguo. Na msije mkanielewa vibaya: saratani nyingi za mapafu Marekani, nane kati ya kumi na zaidi, bado ni za sigara. Mimi naandika habari za wale wengine.

Wifi alipotumwa kwa mshauri wa vinasaba, Baba Salma naye akaitwa, kwa kuwa ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja na uwezekano wake ni nusu kwa nusu. Akaenda na karatasi yake ya friji, ameikunja mara nne.

Mshauri ni mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Aliisoma ile karatasi kwa adabu zote, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kilichosahaulika, akasema taratibu: "Hawa EGFR hawakuiangalia kabisa." Baba Salma akamwonyesha mstari wa kijani kwa kidole. Akamjibu kwamba hakuna kilichoonekana pale walipotazama, na walitazama sehemu chache walizozichagua wenyewe. Ni kama kumtuma mtoto dukani aulize sukari, akaenda kuchungulia kabati la sabuni, akarudi mbio kukuambia sukari hakuna.

Na si kampuni yetu tu. 23andMe, kampuni nyingine ya vipimo vya mate na si hiyo tuliyonunua sisi, iliporuhusiwa mwaka 2018 na mamlaka ya dawa ya Marekani kutoa ripoti ya jeni za BRCA, zile za saratani ya matiti, ruhusa ilikuwa ya mabadiliko matatu tu, yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki, wakati yanayojulikana yanapita 1,000. Mamlaka yenyewe ilisema hivyo waziwazi. Kwenye kampuni yetu pia maelezo yalikuwepo, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kurasa tatu chini ya ile mistari ya kijani. Hapo ndipo nyota zilipodondoka. Walipima kidogo na hilo halikosi heshima, lakini waliupaka udogo huo rangi ya kijani. Nyota ya pili ni ya sanduku.

Machi 2025 ile 23andMe ikaomba kinga ya kufilisika na watu wakakimbilia kufuta taarifa zao. Nami nikaenda kufuta zetu kwa hao wengine. Barua pepe nne, majuma matatu.

Sasa penseli. Huyu mama hakufungua kompyuta. Alitoa karatasi nyeupe, penseli ya kawaida ya mbao, akaanza kuuliza na kuchora. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Aliyefariki anapigwa mstari wa mshazari. Aliyeugua anatiwa weusi. Duara la mama mkwe akalisugua likajaa, kisha akalikata. Duara la wifi akalisugua, hakulikata. Mjomba wake Baba Salma, mraba mweusi uliokatwa. Huyo alikuwa mchimba makaa ya mawe na miaka yote walisema ni makaa. Bibi mzaa mama, hakuna aliyejua, akapigiwa simu baba mkwe palepale: "mapafu, nadhani, au ini." Ile sauti ya penseli kusugua ndani ya duara dogo, krrr, krrr, kwenye chumba kisicho na saa ya ukutani wala redio, naisikia mpaka leo. Familia ambayo nimekula nayo Krismasi zote hizo ilikuwa inajaa weusi mbele yangu.

Akanigeukia. "Na upande wako? Watoto ni wenu wawili."

Nikaanza kwa kujiamini. Babu mzaa mama alikufa kwa kifua. Mjomba, kifua. Shangazi wa Pangani, kifua, ila yeye alikaanga maandazi ya biashara kwa kuni miaka arobaini. Penseli ikasimama. Akauliza kifua ni ugonjwa gani.

Kifua ni kifua! Kifua kikuu, pumu, moyo, saratani, moshi wa kuni, yote kwetu ni kifua. Mtu amekohoa, amekonda, amekufa, na alasiri tunazika. Nani atakaa kuuliza jina la seli? Aliniangalia bila kunidharau, akaandika alama ya kuuliza ndani ya kila umbo la upande wangu. Upande wa mume wangu weusi na weupe, upande wangu maswali matupu kuanzia juu mpaka chini.

Nikamwambia basi na mimi nipimwe jeni zote. Akanikatalia. Hakuna sababu ya kutosha, alisema, na kwa watu wa asili ya Afrika vipimo vipana hurudi mara nyingi zaidi na jibu la "mabadiliko ambayo maana yake haijulikani", kwa kuwa kumbukumbu za kulinganishia zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Ningelipa nipewe alama ya kuuliza nyingine. Muuza duka anayekuambia usinunue ni wa kushika mkono.

Kingine ambacho sikukitegemea: kabla ya damu kutolewa aliuliza kama tuna bima ya maisha. Hatukuwa nayo. Akaeleza kwamba sheria ya mwaka 2008 iitwayo GINA inawazuia watu wa bima ya afya na waajiri kukubagua kwa sababu ya jeni, lakini bima ya maisha haimo ndani yake. Florida walipitisha sheria yao 2020 kuziba hilo. Florida si Tennessee. Watu wa bima ya maisha wakikuuliza kama umepimwa, inabidi ujibu kweli. Basi tukafunga mfuko wa damu kwanza tukafungua wa makaratasi. Fomu iliuliza mama yake alikufa kwa nini, tukaandika ukweli, malipo yakapanda kidogo, ikapita. Maabara ilikuwa imewapa ndugu wa wifi siku 90 za kupimwa bure. Baba Salma alitolewa damu siku ya 83.

Majibu yalipokuwa tayari niliomba mkalimani wa simu, huduma ya bure. Kiingereza nakijua, ila habari za mauti nataka kuzisikia kwa lugha niliyonyonyeshwa nayo. Ikaja sauti ya kaka mmoja mwenye Kiswahili cha Kongo, mpole kama anayemwamsha mtoto. "Mama, bwana yako ni mbebaji." Kichwani mwangu nikaona wapagazi wa Kilimanjaro, mmoja nyuma ya mwingine, na Baba Salma katikati yao na begi kichwani. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, na mume wangu akadhani habari ni njema, kumbe kasoro anayo.

Aliuliza uwezekano wa kuugua ni asilimia ngapi. Mshauri hakumpa namba ya kukata, akaeleza kwa nini: familia zilizochunguzwa ni zile zilizokwisha uguliwa, wazima hawaji kupimwa, kwa hiyo hesabu inavutika juu. Hatari imepanda sana, basi. Nikamuuliza kuhusu Salma na Idi, miaka tisa na sita. Kila mmoja sarafu yake imerushwa peke yake, na haipimwi mpaka wafike miaka 18 waamue wenyewe, kwa kuwa utotoni hakuna la kufanya na jibu hilo. Nilitoka pale nimefura. Kwenye gari nikamwambia Baba Salma yule mama hajazaa. Kumbe anao watatu.

Bima ya afya ndiyo iliyotuchosha. Mshauri aliomba kipimo cha CT cha mionzi midogo, kwa sababu picha ya kawaida ya kifua haioni vitu vidogo. Wakakataa. Mwongozo wa Marekani wa 2021 unataka uwe na miaka 50 hadi 80 na uwe umevuta kiasi cha pakiti moja kwa siku miaka ishirini, na kama uliacha, isizidi miaka 15. Mume wangu ana miaka 39 na hajavuta hata shisha ya harusini kwetu. Yaani angekuwa mvutaji wangempima! Huko Taiwan tangu 2022 serikali inalipia kipimo hiki kwa mwenye historia ya saratani ya mapafu katika familia hata kama hajavuta, ingawa umri wake hata huko ungemwangusha. Mshauri aliandika barua ya rufaa, ikakataliwa, akaandika ya pili ya kurasa nne na ule mchoro wa penseli ameuambatanisha. Ikakubaliwa. CT ikaonyesha vidoa viwili vya milimita nne, ukungu kama wa kioo cha bafuni. Havikatwi, vinatazamwa.

Wifi anatumia osimertinib, kidonge kimoja kwa siku. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani Novemba 2015 kwa ajili ya T790M hasa, na daima hunijia kwamba mama mkwe alizikwa mwaka mmoja kabla. Wifi hajapona, ila amerudi kufundisha siku tatu kwa wiki na anagombana na kila mtu, dalili nzuri.

Mara ya nne tulikwenda na baba mkwe. Alitaka mwenyewe. Alivaa shati la kanisani, akausikiliza mchoro wote, duara la mkewe, mraba wa shemeji yake, akaelewa kwamba jeni ilipita upande ule. Akauliza kwa sauti ndogo sana, "Kwa hiyo si mimi?" Yule mama akaweka penseli chini. Akamwambia kwamba jeni iliongeza hatari, na moshi wa mtu mwingine nao huongeza hatari, na kwa mtu mmoja aliyekwisha kufa hakuna awezaye kuvitenganisha. Mzee akaitika kwa kichwa, akainuka, akaenda kusimama dirishani kutazama magari. Nilitamani amdanganye. Nusu nyota ninayomnyima ni hiyo, na najua si haki.

Kikopo cha radoni nakipa nyota tano bila kusita. Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini, na kwa Marekani ndiyo ya pili kwa kuleta saratani ya mapafu baada ya sigara. Milima yetu inayo. Kikopo kina mkaa ndani. Unakifungua, unakiacha chumba cha chini siku tatu, unakifunga, unakituma maabara. Mama yangu alipoambiwa kwamba Marekani hewa inapimwa kwa mkaa alicheka mpaka akakohoa, nikamwambia na hicho kikohozi kapime. Kipimo chetu kilisoma 6.1, na kuanzia 4 wanashauri urekebishe. Fundi akatoboa sakafu, akapitisha bomba na feni mpaka juu ya paa. Sasa kinasoma 1.3. Feni inavuma usiku kama jirani anayesali.

Karatasi ya kijani tulishaitupa. Sumaku ya nanasi imeshika nakala ya mchoro wa penseli, na Salma ameongeza duara la paka. Kwa upande wangu nimeanza kupiga simu Tanga na Pangani, nikiuliza maswali ambayo watu wanadhani nimetafuta mirathi. Mpaka sasa nimefuta alama moja ya kuuliza: mtoto wa mjomba alipata kadi ya kliniki ndani ya sanduku la nguo, kifua kikuu, 1993.

Kwa watakaokwenda: omba miadi ya asubuhi, mchana anachelewa mpaka saa nzima kwa sababu hamkatizi mtu. Nenda na majina, umri wa kufa, na kadi zozote za hospitali. Egesho la chini ya jengo ni dola 6, lakini ukiwaonyesha tiketi mapokezi wanakupigia muhuri unatoka bure. Sisi tulikuja kuambiwa mara ya nne.